Yeye Si Mteja

Shemeji yangu alipachikwa jina la Mama Kopo kwa sababu ya makopo ya biskuti. Yalikuwa kumi na tisa, yamepangwa juu ya kabati la studio yetu ya picha, kila moja lina kibandiko chenye mwandiko wake, na ndani yake diski za kompyuta zimeviringishwa kwenye vitambaa vya pamba kama vitoto vichanga. Harusi, mahafali, sherehe za ofisi, picha za pasipoti za watu ambao baadhi yao wameshatangulia, zote zilikuwa humo. Unaingia unamwambia, "Mama Kopo, miaka kama sita iliyopita mlinipiga picha na mama yangu, mwezi siukumbuki." Anakutazama usoni kidogo, anapanda stuli, anashuka na kopo moja, na chai yake haijapoa picha iko kwenye skrini.

Tarehe hakuzikumbuka hata kidogo. Folda zake aliziita "Bwana harusi aliyekanyaga shela", "Mapacha wagombea kiti", "Mkurugenzi anayepepesa". Nilimcheka sana kwa hilo. Nilimcheka kwa mambo mengi, naye aliniachia, kwa sababu mimi ni mdogo wake marehemu mumewe na utani ni haki yangu. Kazi yangu ilikuwa kuhariri: kung'arisha nyuso, kukata video, kuwaondoa watu waliojipenyeza kwenye picha wasizoalikwa.

Studio aliianzisha kaka. Alipofariki alituachia mambo mawili. La kwanza ni sheria: ukimaliza kazi, futa meza. Maana yake, kazi ikishakabidhiwa kwa Mama Kopo na kuingia kwenye kopo, unafuta kila kilichobaki kwenye kompyuta yako ili mashine ipumue. Hakuwa na masihara na sheria hiyo. Siku moja alikuta harusi tatu kuukuu kwenye mashine yangu, akanitoa nje nikakae barazani mchana kutwa, mtu mzima na ndevu zangu, wateja wananipita na kunipa pole.

La pili ni sauti yake. Mshika kamera haonekani kwenye picha, na kaka aliishika miaka ishirini. Picha zake zilikuwa chache, moja iko ukutani mpaka leo. Kusikika, alisikika mara moja tu. Alikuwa anajaribu maiki mpya, amekaa kwenye stuli ya wateja, anasema, "Moja, mbili. Unanisikia wewe?" Mama Kopo yuko nyuma ya kamera anacheka, akasahau kuizima, ikaendelea kurekodi dakika sita. Hakuna cha maana kinachosemwa humo. Wanabishana nani alimaliza sukari, anamwita binti yao aje kuaga kabla ya kwenda shule, anapiga chafya, anaomba radhi kwa maiki. Mwaka uliofuata maradhi yalimchukua. Dakika sita zile zilikuwa kwenye kopo namba saba, na hazikuwa mahali pengine popote duniani.

Kila Jumatatu, kabla hatujafungua mlango, Mama Kopo alivaa hedifoni zake kubwa akakaa dakika sita ameupa mlango mgongo. Mimi nilijitia natafuta funguo.

Basi Jumatatu moja diski ile ikaanza kugonga. Ti, ti, ti, kwa ndani, kama kucha ya mtu kwenye kioo. Mama Kopo alivua hedifoni, uso umempauka.

"Shemeji, hebu njoo umsikilize huyu."

Alisema huyu, wala hakusema hii. Tukamhamishia kwenye kompyuta yangu pamoja na kila kilichokuwamo, kidogo kidogo, diski inakwama na kuendelea, mpaka saa kumi jioni. Mama Kopo hakula. Kesho yake tulipoiwasha diski ile haikuamka tena. Aliichukua, akaitia kwenye kopo lake na kulifunga. Kisha akasema hataki kusikia habari ya makopo tena, atafutwe fundi.

Fundi mwenyewe tulimwita Waya, kwa kazi yake ya mitandao na kwa wembamba wake. Alitueleza kwamba kuna masanduku madogo ya chuma unayopachika diski ndani, unayaunganisha kwa waya wa mtandao, na kompyuta zote za ofisi zinaweka na kuchukua kazi humo. Mimi, mjuaji, nikamkatiza. Kwa nini tuhangaike na vyuma wakati siku hizi watu wanapandisha vitu vyao kwenye intaneti? Waya hakubishana. Akapima kasi ya intaneti yetu, akaangalia ukubwa wa harusi moja, akapiga hesabu nyuma ya bahasha.

"Harusi moja itachukua siku nne kupanda. Mna harusi ngapi kwa wiki?"

Mama Kopo akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu.

Dukani, Waya akiwa nasi, muuzaji alitutolea sanduku la diski nane, zito kama jiwe la kusagia. Alitusihi tusijibane, biashara inakua. Mimi nilikuwa nimeshashika lile dogo kuliko yote, la diski moja, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi. Mama Kopo hakugusa kitu. Alitoa daftari kwenye mkoba. Alikuwa ameorodhesha makopo yote, kila moja lilijaa lini, na ameona kwamba tunajaza makopo mawili kwa mwaka, matatu ukiwa mwaka wa harusi nyingi. Akauliza sanduku la nafasi mbili, lenye diski kubwa, litachukua makopo mangapi. Muuzaji akamgeukia Waya. Waya akaniambia pembeni kwamba amefunga masanduku kwenye ofisi za wakurugenzi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo.

Likachukuliwa la nafasi mbili. Diski moja ilinunuliwa pale pale, ya pili Waya akasema tusiichukue hapo. "Hizi zimetoka boksi moja. Zikiwa na kasoro, kasoro ni ile ile, mtazizika wiki hiyo hiyo moja." Mama Kopo akavuka mji mzima kutafuta ya pili, akairudisha ameipakata mapajani.

Akachagua pia pa kuliweka. Nyuma ya studio kuna chumba cha giza, kile ambamo kaka alisafishia filamu enzi hizo. Hakina dirisha, kina ubaridi, vumbi halifiki, na ukifunga mlango bado unasikia harufu ya dawa. Waya alipitisha waya ukutani, akaweka betri ya kulindia umeme chini ya meza, akawasha. Taa mbili za kijani zikaanza kupepesa. Nikasema, "Mkurugenzi huyo amefika," na Mama Kopo akanipiga na kitambaa.

Yaliyofuata mimi sikuyaona, nilikuwa nimekwenda kupiga picha za mahafali. Nayaeleza kama Waya alivyonieleza nilipombana, muda mrefu baadaye.

Alimkalisha Mama Kopo akamwambia, "Diski hizi mbili zinaigana. Ukiandika huku, kule kunaandikwa. Moja ikifa, kazi inaendelea. Lakini zinaigana kwa kila kitu, mama. Mtu akifuta, zinafuta zote mbili." Kwa hiyo kuna ulinzi mwingine: sanduku linaweza kukumbuka jinsi folda ilivyokuwa jana na juzi, ili kilichofutwa kirudi. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo inakula nafasi. Na folda zilikuwa mbili. WATEJA ilikuwa ya kazi za watu. YETU ilikuwa ya mambo yetu: majaribio ya kamera, matangazo, vipande vya video tunavyovikata na kuvitupa kutwa nzima. Waya akashauri kumbukumbu iwekwe kwenye WATEJA peke yake, maana YETU, kwa jinsi tunavyoandika na kufuta, ingemaliza nafasi ya miaka mitatu kwa miezi minane.

"Amana ya watu kwanza," Mama Kopo akasema. Wakaelewana.

Akahamisha makopo yote. Mwisho kabisa zikabaki dakika sita. Waya aliona mkono wake umesimama juu ya kipanya.

"Hiyo nayo iweke WATEJA, mama. Ndiko kwenye ulinzi."

Mama Kopo akafikiri kidogo. "Yeye si mteja," akasema, na akamweka YETU, kisha akafuta meza kwenye kompyuta yangu.

Waya akauliza jambo la mwisho: nani aruhusiwe kufuta? Mama Kopo akasema, sote. Hapa ni nyumbani, si benki. Waya akaandika hivyo, na mimi niliporudi nikamwomba anipachikie folda zote mbili hapo mbele kwenye skrini yangu, niwe nazipata bila kutafutatafuta. Akanipachikia.

Miezi miwili tuliishi raha mustarehe. Makopo yaliteremshwa, Mama Kopo akawa hapandi stuli tena. Waya alimlazimisha aandike majina kwa mpangilio, mwaka, mwezi, siku, jina la familia; akakubali, ila mwishoni aliongeza ya kwake, kwa hiyo ukikuta mstari mrefu wa tarakimu ujue unaishia na "aliyekanyaga shela".

Halafu ikaja Jumatano ile. Saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza harusi tatu mfululizo, macho mekundu, na kompyuta inajikokota. Nikasema ngoja nifute meza. Nilipoangalia skrini nikaona WATEJA na YETU ziko hapo hapo mbele, nikazifungua, nikakuta vitu ninavyovijua, vile vile nilivyokuwa navyo kabla ya sanduku. Akilini mwangu vitu vilikuwa kwenye sanduku, kule chumba cha giza. Hivi nilivyovishika mimi vilikuwa mabaki. Nikachagua vyote. Kompyuta iliniuliza kwa adabu kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Ilichukua muda, nikaenda kuchemsha chai, na nakumbuka nilikuwa napiga mluzi.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Mama Kopo kutoka mapokezi. "Mbona WATEJA imekuwa tupu?"

Nilikimbia chumba cha giza. Taa zote za kijani. Zile folda za kwenye skrini yangu hazikuwa nakala; zilikuwa mlango wa sanduku lenyewe. Sanduku lilikuwa zima kabisa, limefanya nilichoamuru, mara mbili, kwenye diski iliyonunuliwa hapa na ile iliyovushwa mji mzima. Nikakaa sakafuni pale pale, na kama kaka angeingia mlangoni ningekwenda barazani mwenyewe bila kutumwa.

Wakati huo huo mama wa bibi harusi mmoja alikuwa ameshaketi mapokezi, na mkoba wake magotini. Alifuata picha za bintiye, anayesafiri na mumewe kesho yake. Mama Kopo akamwambia, "Dakika chache tu, mama," akampa chai, akampigia Waya simu.

Waya alifika anahema. Alikaa mbele ya skrini, akabonyeza hapa na pale, na WATEJA ikarudi ilivyokuwa usiku uliopita. Yote, mpaka mapacha na kiti chao. Nilitaka kumbusu. Akageuka.

"Hii ya pili haina kumbukumbu. Kuna mtu anaweza kujaribu kuvichimbua vilivyofutwa, lakini sanduku lizimwe sasa hivi, nilichukue, na kisiandikwe kitu humu wiki nzima. Hata hivyo siahidi."

Jumamosi tulikuwa na harusi mbili. Mapokezi yule mama alikuwa anasubiri.

"YETU achana nayo," nikadakia. "Kulikuwa na takataka zetu tu."

Niliamini hivyo. Sauti ya kaka nilijua iko salama na vitu vyote vya kopo namba saba, kwenye WATEJA. Ingekuwa wapi kwingine? Mama Kopo alinitazama. Ilikuwa kutazama kwa muda, kama anavyowatazama wateja anapojaribu kukumbuka wako kopo gani. Waya akafungua kinywa, na Mama Kopo akamwekea mkono begani.

"Ndiyo," akasema. "Takataka tu. Endelea na kazi."

Akatoka kwenda kumhudumia yule mama. Nilimsikia anamsaidia kuchagua picha ya fremu, anamwambia ile anayocheka ndiyo nzuri kuliko ile aliyojikaza, na wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, nikanunua soda za watu wote. Mama Kopo alikunywa yake mpaka mwisho.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kidogo. Nilipigwa marufuku kufuta, ruhusa akabaki nayo yeye peke yake. Ikanunuliwa diski ya tatu, na kila Jumamosi anainakilia sanduku zima, WATEJA na YETU, anaitia kwenye kopo la biskuti na kwenda nayo nyumbani kwake. Nikamtania, "Siku hizi hata takataka zetu zinalala kwako?" Akasema ndiyo, zimezoea. Jumatatu aliendelea kuvaa hedifoni, nami niliendelea kutafuta funguo.

Ikapita miaka miwili. Binti yao, yule aliyeitwa aje kuaga kabla ya shule, akaposwa. Alikuja studio mwezi mmoja kabla ya harusi, akanivuta pembeni.

"Baba mdogo, nina ombi. Ile video ya baba. Nataka sauti yake isikike ukumbini, hata dakika moja, kabla sijaingia. Niliiona nikiwa mdogo, siikumbuki vizuri. Usimwambie mama, nataka iwe zawadi."

Nikamwahidi kwa kifua mbele. Jumatatu iliyofuata niliwahi asubuhi. Nilitafuta WATEJA mwaka hadi mwaka, nikatafuta kwa majina ya ajabu ya shemeji, nikatafuta neno maiki, neno sukari. Hakuna. Nikakata shauri la kuharibu zawadi, nikaenda kwa Mama Kopo, amekaa na hedifoni zake. Nikamgusa bega.

"Shemeji, ile ya kaka uliiweka wapi?"

Akavua. Nami macho yangu yakafuata waya wa hedifoni kutoka mkononi mwake, ukashuka mezani, ukapita karibu na kalamu, ukaishia hapo. Haukuwa umechomekwa popote.

"Haipo," akasema.

"Tangu lini?"

Alikuwa anauviringisha ule waya kidoleni. "Tangu ile Jumatano."

Sijui nilisema nini. Najua nilisema kwamba yeye mwenyewe alikubali ni takataka, nikataka kumgombeza, mimi, nimgombeze yeye. Hasira ilikuwa haina pa kwenda. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia pale pale, Waya angelichukua sanduku, wangejaribu.

"Na yule mama wa watu ningemwambiaje?" akasema. "Halafu wewe ungeshika kipanya tena? Alikuwa kaka yako, shemeji. Nilijua ungejifukuza kazi."

"Na hizi hedifoni za nini?"

"Ningeacha kuvaa ungeniuliza."

Nililia, sioni haya kusema. Alinipa kitambaa cha kufutia lenzi, maana ndicho kilichokuwa karibu. Alipotaka kwenda kumwambia bintiye yeye mwenyewe nilikataa. Nilimpigia simu binti, nikamwomba apite studio mchana, na alipofika nikamwambia yote bila kupamba: nilifuta mimi, kwa mkono wangu, napiga mluzi. Alikaa kwenye stuli ya wateja akiniangalia. Niliona anakaza taya kama baba yake, nikawa nangoja.

"Alikuwa anasemaje?" akauliza mwishowe.

"Alianza, moja, mbili," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu, unanisikia wewe?"

"Hapana," Mama Kopo akadakia kutoka mlangoni. "Alinyamaza kwanza. Aliipuliza maiki. Moja, mbili, puu, ndipo akasema unanisikia."

"Hakupuliza! Alipuliza baada ya sukari."

"Baada ya sukari alipiga chafya, shemeji. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamera."

Binti akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Akauliza habari ya sukari, nikamweleza, Mama Kopo akanisahihisha, nikabisha, nikatoa sauti ya kaka alivyobisha. Mama Kopo aliisikia, akaenda kabatini, akarudi na kamera na maiki, akaifunga kamera kwenye miguu yake mitatu mbele yetu. Alimwinua binti, akanikalisha mimi kwenye stuli.

"Rudia," akasema. "Tangu mwanzo. Na upulize."

Nikarudia, na nikapuliza pale pale niliposema mimi. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, watu watatu tunagombania dakika sita, na mlango wa studio umefungwa mchana kweupe. Wateja waligonga, hatukufungua.

Kesho yake asubuhi nilifungua sanduku kuangalia kazi za siku. YETU ilikuwa kama nilivyoiacha. Kwenye WATEJA, kule kwenye kumbukumbu, kulikuwa na folda mpya, imeandikwa vizuri kama Waya anavyotaka, mwaka, mwezi, siku, jina la familia yetu, na mwishoni, kwa maneno yake mwenyewe: "Aliyepuliza baada ya sukari".